Nilitupa karata kwa dola 8, mzigo ukiwa dola 86

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa Tanga ninayeishi Brooklyn Park, Minnesota, naendesha malori. Siku nisipokuwa barabarani napenda kwenda kucheza poka kwenye klabu ya karata iliyo ndani ya uwanja wa mbio za farasi, kule Shakopee. Naenda na dola 200 nilizozitenga, zikiisha narudi nyumbani kulala. Pesa ya kodi na ya mama haiguswi. Nalisema hili mapema ili tusipoteze muda nalo.

Meza yangu ni Texas Hold'em ya limiti, dola 4 kwa 8. Kwa wasomaji wasioijua: kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha mezani zinafunuliwa tano za wote, tatu kwa mpigo (tunaziita flopu), halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla ya flopu na mara baada yake, dau ni dola 4, na anayepandisha anapandisha kwa dola 4. Kwenye karata ya nne na ya tano, dau ni dola 8. Hakuna kusukuma kete zako zote kwa mkupuo kama kwenye televisheni.

Sasa mchezo wenyewe. Nilipata K ya shupaza na J ya kopa. Nilikuwa kwenye kitufe cha mgawaji, kwa hiyo baada ya flopu mimi ndiye wa mwisho kuongea. Mzee mmoja mwenye kofia ya wavuvi aliingia kwa dola 4. Huyo mzee namfahamu: karata zikiwa tu zimekaribiana au zina rangi moja (shupaza na shupaza, kopa na kopa) yumo, na kupandisha kwake ni nadra. Mama aliyekaa pembeni yake naye akaingia kwa dola 4. Kisha kijana wa kuliani kwangu, mwenye spika masikioni, akapandisha hadi dola 8. Alikuwa amekaa kama saa nzima bila kupandisha hata mara moja. Nikasema K na J si haba, nikafuata. Mwenye dau dogo la lazima (kila mchezo wawili huweka dau kabla ya kuona karata, mmoja dogo, mmoja kubwa) akatupa na kuacha dola zake 2. Mwenye dau kubwa akaongezea, mzee akaongezea, mama akaongezea. Tukawa watano, mzigo wa katikati ukawa dola 42.

Flopu ikaja J ya uru, 8 ya shupaza, 4 ya shupaza. Nina jozi ya juu (J yangu na ile ya mezani, kubwa kuliko zote pale) na K pembeni. Watu watatu wakagonga meza kupita, kijana wa spika akaweka dola 4. Nikafikiri: huyu hajapandisha saa nzima, huenda ana K mbili au A mbili. Nikafuata tu. Mwenye dau kubwa akatupa, mzee akafuata, mama akatupa. Tukabaki watatu, mzigo dola 54.

Karata ya nne: 2 ya pau. Mzee akapita, kijana akaweka dola 8, nikafuata, mzee naye akafuata. Dola 78.

Karata ya tano: 10 ya kopa. Mzee ambaye mchezo mzima alikuwa anapita na kufuata, safari hii hakusubiri mtu. Alihesabu kete zake mbilimbili, akazisogeza mbele: dola 8. Kijana akatikisa kichwa, akatupa. Ikabaki mimi.

Mjomba, nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimemlipa mzee huyohuyo nikiwa na jozi ya katikati, akafunua mfululizo (karata tano zinazofuatana), meza nzima ikacheka. Swahiba wangu niliyekwenda naye alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsikia akiguna. Nikaona 10 hiyo imemkamilishia mzee mfululizo mwingine. Nikatupa. Mzee akarudisha karata zake kwa mgawaji bila kuzionyesha, akavuta mzigo.

Njia nzima kurudi nyumbani swahiba alikuwa ananisifu: "Leo umekua. Kutupa jozi ya juu si kazi ya mtoto." Mimi sina amani. Je, nilikosea kutupa? Kama nilikosea, kosa lilianzia wapi? Na je, ni utovu wa adabu nikimkuta yule mzee nimuulize alikuwa na nini?

Msomaji wako,
Brooklyn Park

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Kwanza ahsante kwa kuleta mchezo ukiwa kamili, nani alikaa wapi na dola ngapi zilikuwa katikati kila hatua. Barua nyingi za poka ninazopata zinasema "nilikuwa na A mbili nikapigwa, nifanyeje?" Hapo mtu wa kumsaidia ni shekhe au padri.

Nianze na mwisho, maana ndipo pesa ilipopotea. Swahiba wako amekusifia kosa kubwa kuliko yote uliyofanya usiku ule.

Dola 86 katikati, wewe unaombwa dola 8. Nyuma yako hakuna mtu, kwa hiyo ukilipa hizo 8 hakuna atakayekupandishia. Bei ndiyo hiyo na mchezo umekwisha. Sasa chukulia hali hiyohiyo imekutokea mara 11. Mara 10 unalipa na mzee anakufunulia mfululizo na meza inacheka. Umetoa dola 80. Mara moja tu jozi yako ya J inashinda, unavuta 86. Umecheka mara moja, umechekwa mara 10, na bado una dola 6 za faida. (Kato ambalo ukumbi hujichukulia kwenye mzigo nimeliacha, halibadilishi jibu.)

Kwa hiyo pale mezani hukupaswa kujiuliza "je, nimeshapigwa?" Huenda umepigwa, mimi mwenyewe nadhani mara nyingi ungekuwa umepigwa. Ulipaswa kujiuliza: je, nina uhakika kiasi kwamba katika mara 12 sishindi hata moja? Kwa mtu anayeingia na karata zozote zilizokaribiana, uhakika huo haupo.

Tuhesabu kwa ukali, tena tukimpendelea mzee. Zinazokupiga hasa, kwa mfululizo au kwa jozi mbili: 9 na 7 za rangi moja, ziko namna 4. Q na 9 za rangi moja, namna 4. J na 10: J zimebaki mbili, maana moja unayo na nyingine iko mezani, na 10 zimebaki tatu, hivyo namna 6. 10 na 8 za rangi moja, namna 2. Jumla 16. Unazozipiga: Q na J, namna 8, J na 9 za rangi moja, namna 2. Jumla 10. Na hapo sijagusa shupaza mbili zilizokuwa zinasubiri shupaza ya tatu mezani zikakosa, wala A na 10 aliyebahatika kupata jozi mwishoni akajipa moyo. Sema mzee ni mwoga na akiwa na Q na J huweka dau mara moja tu katika tatu. Basi hizo 10 zifanye tatu. Tatu dhidi ya 16 bado ni karibu mara moja katika sita, na wewe ulihitaji moja katika 12.

Kwa mara moja katika sita, kulipa zile dola 8 kulikuwa na thamani ya dola 7 na ushee kwako. Kipimo cha zamani cha wachezaji wa limiti ni kwamba mchezaji mzuri anapata kama dau moja kubwa kwa saa. Kwenye meza yako hiyo ni dola 8. Yaani ulipotupa zile karata ulitupa saa nzima ya kazi ya mtu anayejua kucheza.

Halafu kuna kijana wa spika. Umemtaja kwa sentensi moja ukaendelea, nami nashangaa, kwa sababu yeye ndiye aliyekusemesha kuliko wote. Ulimwogopa tangu mwanzo kwamba ana K mbili au A mbili. Mwenye K mbili hatupi kwa dola 8 kukiwa na dola 86 mezani, hata akiwa mwoga kiasi gani. Alipotikisa kichwa na kutupa, alikuambia alikuwa na A na K, au A na Q, karata zilizokosa kila kitu. Maana yake ni kwamba kwenye flopu yule uliyemwogopa alikuwa nyuma yako. Nawe ulikuwa na sekunde kadhaa za kulitambua hilo kabla ya kuongea, ila nadhani masikio yalikuwa kwa swahiba.

Sasa turudi kwenye flopu, maana umeuliza kosa lilianzia wapi.

Mzigo dola 42, kijana ameweka 4, zamu yako. Nyuma yako kuna watu watatu ambao bado hawajalipa kitu: mwenye dau kubwa, mzee na mama. Umekaa mahali pazuri kuliko pote mezani. Ukipandisha hadi 8, wote watatu wanaombwa dola 8 badala ya 4, tena bila kujua kama kijana atapandisha tena. Wewe ukafuata tu.

Tazama ulichomfanyia mzee. Tuseme alikuwa na 9 na 7, anasubiri 10 tu imkamilishie mfululizo. Katika karata 47 asizoziona, nne ndizo zinamwokoa na 43 zinamkosesha, yaani karibu 11 kwa moja. Ilipomfikia zamu, katikati kulikuwa na dola 50 naye anaombwa 4: zaidi ya 12 kwa moja. Ulimuuzia kwa bei nzuri kuliko thamani ya kitu. Alifuata, na alikuwa sahihi kufuata! Kama ungepandisha, angekuta dola 54 na kuombwa 8, chini ya saba kwa moja. Hapo akifuata anakosea, na kosa lake ni pesa yako; akitupa, ile 10 ya kopa inakuja bila yeye kuwepo. Tofauti yote hiyo ilikuwa dola 4 kutoka mfukoni mwako.

Najua utajibu kwamba kijana angeweza kuwa na A mbili kweli akakupandishia tena. Sawa. Ungelipa dola 4 zaidi na ungekuwa umejua mapema unashughulika na nini. Kwenye mzigo wa dola 42 hiyo si hasara ya kukunyima usingizi.

Karata ya nne nakuacha. Kupandisha pale kuna hoja, kufuata kuna hoja. Wewe ulishakaa kimya kwenye flopu, na kijana ameweka dau mara ya pili mbele ya watu wawili, nisingekugombeza kwa lolote kati ya hayo.

Kabla ya flopu ni kosa, lakini dogo. K na J za rangi tofauti, mbele ya mtu aliyekaa saa nzima bila kupandisha, ni za kutupa. Angalia atakachokuwa nacho mtu wa namna hiyo: A na K, A na J, K na Q, au jozi kubwa. Ukipata K, huenda ana K yenye mwenzake mkubwa kuliko J yako. Ukipata J, huenda ana A na J. Unaingia kwenye mchezo ambao hata karata ikikupenda bado una mashaka, na mashaka hayo ndiyo yaliyokufanya ufuate kwenye flopu badala ya kupandisha. Kama mbele yako pangekuwa na mzee na mama peke yao, bila aliyepandisha, ningekuambia ingia.

Wapo wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, waliotangaza mwaka 2015 kwamba programu yao iitwayo Cepheus imekaribia kabisa kuumaliza mchezo huu wa limiti kwa watu wawili. Ukicheza nayo maisha yako yote huwezi kuiacha kwa faida ya maana. Watu wawili si watano, kwa hiyo usiige kila kitu. Lakini kuna tabia yake moja ningependa uikumbuke: inapokuwa mgawaji na zamu ya kwanza kabla ya flopu ni yake, karibu kila mara ama inapandisha ama inatupa. Kufuata tu ili "tuone itakuwaje" ni kama haipo kwenye msamiati wake. Wewe kwenye mchezo huu ulifuata mara tatu mfululizo, halafu ukatupa mara moja mahali pa kulipa.

Nije kwa swahiba, bila kumvunjia heshima. Bila shaka huyo anacheza ile poka isiyo na kikomo, kwenye simu au kwa kutazama video. Ndiyo iliyotawala tangu 2003, Chris Moneymaker alipotwaa ubingwa wa dunia kule Las Vegas baada ya kufuzu kupitia intaneti, na karibu kila kinachofundishwa mtandaoni ni cha poka hiyo. Kule, karata ya tano mtu anaweza kukusukumia kete zake zote, unaombwa dola 80 upate 160 na ushee. Unahitaji kushinda mara moja katika tatu. Kutupa jozi ya juu kule kweli ni ukomavu, na anayekupiga mkwara anahatarisha kikubwa. Sifa aliyokupa ingekuwa halali kule. Kwako wewe dau lina kikomo, mzigo umenenepa tangu mwanzo kwa sababu watu watano wameingia, na mwishoni unaombwa sehemu ndogo sana ya kilichopo. Poka ya limiti inamtaka mtu achague sana mlangoni na awe mgumu kutoka akishakaa na mzigo mkubwa. Wewe ulifanya kinyume chake.

Na asikuambie limiti ni ya wastaafu. Huko Minnesota imedumu kwa sababu sheria imewekea kikomo dau moja kwenye klabu za namna hiyo, lakini Andy Beal, yule mwenye benki wa Dallas, alipokwenda Las Vegas kati ya 2001 na 2006 kupambana na mabingwa waliochangishana mtaji, walicheza limiti, na kuna wakati dau lilifika dola 100,000 kwa 200,000. Hesabu ilikuwa hiihii ya kwako, zilizoongezeka ni sifuri.

Kuhusu meza kucheka. Ulikuwa sahihi au hukuwa sahihi ulipomlipa mzee kwa jozi ya katikati nusu saa kabla? Sijui, hukunipa hesabu ya mzigo. Ila nashuku ulilipa kwa bei nzuri ukakuta ana mfululizo, jambo ambalo lazima litokee mara nyingi kuliko lisivyotokea. Kisha kicheko kikakaa kwenye kiti pamoja nawe. Mzee hakukutisha, nadhani hata hakuwa anakuwazia. Alihesabu kete zake tu. Ukienda tena, mwambie swahiba akae meza nyingine au akachukue chakula. Mtu anayeguna nyuma yako wakati una karata mkononi, mbali na kukutoa kwenye hesabu, anavunja kanuni: kwenye kumbi nyingi mtazamaji haruhusiwi kutoa ishara yoyote, na mgawaji mkali angemwondoa.

Swali la mwisho, la adabu. Wote wakishatupa, anayebaki hawajibiki kuonyesha kitu, na kumbana pale pale mezani si vizuri. Ukimkuta siku nyingine kwenye foleni ya kahawa, muulize ukipenda, hakuna ubaya. Ila jibu lake usilitie kwenye hesabu. Akisema alikuwa na 9 na 7, hukuwa sahihi kutupa. Akisema alikuwa na Q na J, hukuwa sahihi kutupa. Na akiwa mchezaji mzoefu, atakuambia alikuwa na mfululizo hata kama alikuwa na shupaza mbili tupu, kwa sababu angependa uendelee kumtupia.